Maneno ya Wodini, sehemu ya 6: PRESHA

Nimetoka zamu, miguu inawaka, chai ipo pembeni, na leo naandika kirefu. Kama uko kwenye daladala ya Kihonda na umekaribia kushuka, hifadhi, usome ukifika. Mara ya mwisho tuliongea kuhusu "dripu" na kwa nini dripu si chakula. Leo neno ni PRESHA. Nililiahidi muda mrefu, nikawa nalikwepa kwa sababu ni refu na lina watu ndani yake. Nimeligawa posti nne. Wote ninaowataja wameniruhusu, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wasitambulike.

POSTI YA 1

Presha tumeitoa kwa Waingereza, kila mtu anajua. Wao nao wameirithi kutoka Kilatini, kwenye neno la kukandamiza, kubana kitu mpaka kitafute pa kutokea. Kwao neno hilo linafanya kazi nyingi: hewa ina presha, maji yana presha, damu ina presha, na mtoto anayebanwa na wazazi wake afaulu naye yuko chini ya presha. Neno moja, kazi kibao. Sisi tulipolichukua hatukulichukua lote. Tulichagua.

Kaa nusu saa tu pale stendi ya Msamvu usikilize. Konda anamwambia abiria, "Mama usinipe presha, chenji unapata." Mama ntilie anamwagiza binti yake azime presha kuka, maharage yameiva. Kijana anayeosha magari ana mashine ya presha, na analalamika kwamba maji leo hayana presha. Pembeni wazee wawili wanabishana Simba na Yanga, mmoja anasema mechi hizi haangalii tena, zinampa presha. Na dada mwenye kimeza cha miamala anakwambia kimya kimya kwamba kesho ni siku ya marejesho na hajalala, presha tupu. Hiyo mikopo watu wameipa jina wenyewe, "kausha damu." Sijui nani alianza kuiita hivyo ila alikuwa na akili sana.

Sasa angalia tulipokataa kulitumia. Tairi likilegea, hakuna anayesema "nijazie presha." Tunasema nijazie upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakisoma utabiri wanasema mgandamizo wa hewa. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili vina neno zuri kabisa, kanieneo, kani juu ya eneo, na nina hakika wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza. Na kwenye mabango ya Wizara ya Afya tunaandika shinikizo la damu. Shinikizo ni neno letu la siku nyingi, ni chombo cha kukamulia, kitu kinachobana mpaka mafuta yatoke. Kwa hiyo siyo kwamba Kiswahili kilikosa maneno. Yapo, tena yamegawana kazi vizuri kuliko Kiingereza.

Lakini miaka yote niliyofanya kazi sijawahi kumwona mgonjwa akakaa kwenye kiti akasema, "Sista, nina shinikizo la juu la damu." Anasema, "Sista, nina presha."

Na hapo kazi yangu inaanza upya, kwa sababu bado hajaniambia kitu. Inawezekana aliwahi kupimwa akaambiwa shinikizo lake liko juu. Inawezekana moyo unamwenda mbio. Inawezekana mume ameondoka na hela ya ada. Inawezekana akisimama anaona giza. Inawezekana ana presha ya macho. Wote hao watano wanakuja na neno moja, na wote wamekaa benchi moja wanapeana ushauri kabla mimi sijafika. Huyu anamwambia huyu, "Mimi mwenzio nilikunywa kitu fulani ikashuka." Ilishuka nini? Mwenzake ana nini? Hakuna anayeuliza, kwa sababu neno ni moja, basi wanadhani ugonjwa ni mmoja.

Presha ya macho niimalize hapa hapa, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza. Ndani ya jicho kuna maji, yanatengenezwa na yanatoka. Yasipotoka vizuri yanabana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na uoni unapotea kidogo kidogo kuanzia pembeni. Ukishapotea haurudi. Hiyo haina uhusiano na mashine tunayokufunga mkononi. Unaweza kuwa na 118 kwa 76, safi kabisa, na jicho linakufa. Dawa yake mara nyingi ni matone, siyo vidonge vya presha ya damu. Kama umeandikiwa matone ya macho, usiache eti kwa sababu "presha nimepima iko sawa." Umepima kitu kingine.

POSTI YA 2

Wenye asili ya milimani wataelewa haraka hapa. Kule juu, Mgeta, Bunduki, Kibungo, watu wanavuta maji ya chemchemi kwa mipira. Chanzo kikiwa juu zaidi ya nyumba yako, maji yanakuja na nguvu. Kikiwa usawa wa nyumba yako, yanachuruzika. Kimo ndicho kinacholeta nguvu. Basi presha ya damu ilianza kupimwa hivyo hivyo, kwa kimo. Kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alimlaza farasi jike, akaingiza bomba kwenye mshipa, akaliunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama wima, akaangalia damu inapanda mpaka wapi. Ilipanda takriban mita 2.5. Aliyaandika hayo kwenye kitabu mwaka 1733. Farasi hakushukuru.

Kwa binadamu huwezi kufanya hivyo, na mrija wa mita mbili na nusu hauingii kwenye chumba cha daktari, ndiyo maana baadaye wakatumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13.6. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kufunga mkononi wenye mrija wa zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akagundua kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa wakati mkanda unalegezwa, unasikia mlio unaanza, halafu unapotea. Hiyo milio miwili ndiyo namba zako mbili. Hata mashine ya betri iliyopo dukani kwa mangi wa dawa inaleta namba za zebaki, ingawa ndani yake hakuna zebaki hata tone.

Kwa hiyo nikikwambia 120, maana yake moyo wako unasukuma kwa nguvu ya kuinua zebaki milimita 120. Geuza iwe maji ya mpira: karibu mita 1.6. Yaani kimo cha mtu. Nikikwambia 180, ni karibu mita 2.4, imepita fremu ya mlango. Na nguvu hiyo inapiga mipira yako ya ndani kila pigo, usiku na mchana, ukicheka, ukilala. Mpira wa maji ukikaa miaka kumi kwenye nguvu isiyo yake haulii kwamba unaumia. Siku moja tu unakuta bustani yote tope.

Namba ya kwanza ni moyo ukibana. Ya pili ni moyo ukipumzika. Tunaziandika moja juu ya nyingine, kwa hiyo sisi wahudumu tumezoea kusema "ya juu" na "ya chini." Ya juu 140, ya chini 90. Tunasema haraka haraka, foleni ndefu, watu hamsini.

Sasa mkae sawa.

Kuna mama mmoja, mkulima wa njegere na kabichi huko Mgeta, ana miaka hamsini na kitu. Alipimwa kwenye kituo kimoja, sitakitaja, ikaja 164 kwa 102. Aliyempima akamweleza kwamba ya juu imepanda, na ya chini nayo siyo nzuri, iko 102. Akapewa vidonge. Mama akarudi nyumbani na maneno mawili kichwani: presha, ya chini. Akawapigia watoto walioko mjini: "Nimepimwa, nina presha ya chini."

Ungekuwa wewe ndiye mtoto wake ungefanya nini? Walifanya ambacho mtoto yeyote mwenye mapenzi angefanya. Presha ya chini kwa Kiswahili cha nyumbani ni presha ya kushuka, na presha ya kushuka kila mtu anajua dawa yake, maji ya chumvi na soda. Na wakamwambia vile vidonge aviache haraka, maana ni vya kushusha, watakuua mama. Kwa miezi mitatu mama yule, mwenye 164 kwa 102, alikuwa anakoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Kwa utiifu kabisa. Alinionyesha kwa mkono, kijiko kimoja hivi, kimejaa.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, bapa, kwa kutwa. Na humo kuna ya kwenye mboga, ya kwenye ng'onda, ya kwenye dagaa. Na magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda yana sodiamu ile ile, hilo watu wengi hawalijui.

Alikuja kwetu mkono wa kulia ukiwa hauna nguvu na maneno yanavutika. Waliomleta walisema amepigwa na upepo mbaya. Niliwaza baadaye usiku, huu msamiati wetu kweli una vituko: presha ya tairi tunaiita upepo, na kazi ya presha ya damu nayo tunaiita upepo. Mama yuko hai, anatembea na fimbo. Siku za soko Nyandira anauza njegere amekaa, binti yake ndiye anayebeba.

Sasa jamani, nani alikosea pale? Aliyempima alisema ukweli kwa lugha ya kazini. Mama alisikia ukweli kwa lugha ya nyumbani. Watoto walisaidia. Kila mmoja kivyake yuko sawa. Ndiyo maana siku hizi mimi sisemi "ya juu" na "ya chini" mbele ya mgonjwa. Nasema "namba ya kwanza" na "namba ya pili," halafu namwambia arudie kwa maneno yake atakachowaambia watoto. Wenzangu wa kada, kama mnasoma, jaribuni hilo la kumwambia arudie. Inachukua nusu dakika. Utashangaa unachokisikia.

Kuhusu presha ya kushuka yenyewe: ipo, sikatai. Mtu aliyeharisha sana, aliyetoka damu nyingi, mwenye malaria kali, mama aliyejifungua na bado anavuja, hao presha ikishuka ni dharura na haitibiwi kwa soda. Lakini ile ya "mimi nina presha ya kushuka toka nikiwa form two," mara nyingi nikimuuliza mtu ulipimwa ikawa ngapi, hajawahi kupimwa. Aliona kizunguzungu, jirani akamwambia. Kizunguzungu kinaweza kuwa njaa, upungufu wa damu, maji kidogo mwilini, masikio. Pima kwanza.

POSTI YA 3

Hii ndiyo iliyonifanya nichague neno hili, na nitaieleza taratibu.

Konda aliposema usinipe presha, alikuwa na maana ya usinisumbue. Dada wa marejesho alikuwa na maana ya mawazo. Kwa hiyo mtu wetu anajifunza tangu utotoni kwamba presha ni kitu kinachoingia kutoka nje, kinapanda ukiudhiwa, kinashuka ukitulia, na unakisikia. Halafu siku anapimwa anaambiwa una presha. Anafanya nini? Anaingiza ugonjwa mpya kwenye neno alilo nalo tayari. Anakunywa vidonge siku aliyogombana na mume. Siku nzuri hanywi. Ananiambia, "Sista, zamani nilikuwa na presha lakini siku hizi watoto wamemaliza shule, sina mawazo, imeisha." Ananiambia kwa furaha, na mimi natakiwa kuiharibu hiyo furaha.

Shinikizo la damu kwa sehemu kubwa halisikiki. Hilo ndilo gumu kuliko yote kulieleza kwa mtu ambaye neno lake la presha maana yake ni kujisikia vibaya. Kichwa kinaweza kukuuma una 110 kwa 70. Na unaweza kuwa na 190 unacheza ngoma harusini mpaka asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipima watu wa miaka 25 hadi 64 nchini na kukuta takriban robo yao wana shinikizo la juu. Robo. Hesabu watu wanne waliokaa nawe hapo kwenye daladala. Na miaka ya nyuma kidogo, watafiti waliopima watu Ilala, Dar es Salaam, na kijiji kimoja cha Kilimanjaro, kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walikuta kwamba katika kila watu mia wenye shinikizo la juu, hata ishirini hawakufika waliokuwa wanajua kwamba wanalo. Waliokuwa wanalidhibiti hawakufika hata mmoja katika mia. Hao wengine walikuwa wanajisikia vizuri tu.

Msidhani ni ujinga wetu Waafrika. Waingereza na Wamarekani wametegwa na neno lao wenyewe. Kitaalamu ugonjwa huu unaitwa hipatensheni, na "tensheni" kwa Kiingereza cha kawaida ni ule mkazo wa roho, wasiwasi. Huko New Orleans, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, watafiti walikaa na wanawake weusi wenye ugonjwa huu wakawauliza wanaitaje hali yao. Wengine walikuwa na magonjwa mawili kichwani ambapo daktari alikuwa na moja. Kulikuwa na la damu, la chakula na urithi, hilo linataka vidonge. Na kulikuwa na la tensheni, la mishipa ya fahamu, la maudhi, hilo vidonge haviwezi, linataka utulivu. Wale walioamini wana hili la pili walikuwa wanameza dawa kwa uzembe zaidi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Niliwaona watu wangu wa Mji Mpya na Kilakala mle ndani.

Sasa mtu ataniuliza, ina maana mawazo hayapandishi presha? Yanapandisha. Hasira, maumivu, hofu ya koti jeupe, hata kupanda mlima kuja zahanati. Ukishuka kwenye bodaboda ukakaa ukapimwa hapo hapo unahema, namba hiyo si yako, ni ya barabara. Ndiyo maana tunakwambia ukae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee, mkono usawa wa moyo, na kama una haja ndogo nenda kwanza. Na ndiyo maana hatumwandikii mtu ugonjwa wa maisha kwa kipimo cha siku moja, isipokuwa namba zikiwa za kutisha. Hiyo presha ya hasira inapanda na inashuka. Ile nyingine inakaa. 140 kwa 90 na zaidi, leo, wiki ijayo, mwezi ujao, umefurahi au umeudhika. Hiyo inayokaa ndiyo inayokula figo, moyo, macho na ubongo. Vidonge ni kwa ajili ya hiyo, na vinafanya kazi siku unayovimeza. Mfungo wa Ramadhani usiwe sababu ya kuviacha, njoo kabla ya mwezi kuandama tupange, vingi vinaingia vizuri kwenye daku au futari.

Na wajawazito, niwaombe kitu. Kwenu neno hili ni hatari zaidi, kwa sababu mjamzito akisema ana presha watu wanamwambia pumzika, usiwaze, mume wako asikuudhi. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, namba ikifika 140 kwa 90, kichwa kinauma na hakiachii, macho yanaona nyota au ukungu, juu ya tumbo chini ya mbavu panauma, uso na mikono vimevimba ghafla, hiyo siyo mambo ya kuudhiwa. Inaweza kuwa njia ya kwenda kwenye kifafa cha mimba. Na kifafa cha mimba siyo kifafa cha ukoo, siyo shetani, na kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Kina dawa, magnesiamu salfeti, na zaidi ya hapo tiba yenyewe ni mtoto kutoka. Usiku ule ule. Usingoje gari la asubuhi la kushusha ndizi Kinole.

POSTI YA 4

Ya mwisho, na hii ndiyo sababu nililikwepa neno hili.

Miezi kadhaa iliyopita binti aliniandikia inboksi. Kwao ni milimani, upande wa Matombo. Aliandika sentensi moja tu: "Sista, ni kweli mtu anaweza kumpa mzazi wake presha akafa?"

Nikamuuliza kulikoni. Alikuwa chuoni, ameacha masomo, amekaa mjini miezi akificha. Siku aliyorudi nyumbani kusema ukweli, mama yake alipiga kelele, akashika kichwa. Usiku akaanguka. Walimshusha kwa machela mpaka barabarani, akafikishwa hospitali, siku ya pili akafariki. Kwenye karatasi waliandika kiharusi. Kwenye arobaini, mjomba wake mkubwa akasimama mbele ya ukoo akasema, "Wewe ndiye uliyempa mama yako presha."

Kwa wasiojua: kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa mama, na mjomba ana sauti. Kwa hiyo lile halikuwa neno la uchungu tu. Binti alikuwa anaambiwa kwamba shamba la mama yake, migomba na mipilipili manga, halimhusu. Nesi hana mamlaka ya ardhi, na mimi sijawahi kukaa kikao cha ukoo wao. Ila swali lake lilikuwa la kwangu.

Sikumdanganya. Nilimwambia habari mbaya inaweza kupandisha presha kwa muda, na siwezi kumwapia kwamba usiku ule haikupanda. Halafu nikamuuliza, mama alikuwa na kadi ya kliniki? Hakujua. Akaenda kutafuta, akaikuta kwenye begi la nguo za kanisani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha mpiga kura. Akanipigia picha kurasa zote.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mwaka 2015. 178 kwa 108. Mwaka ule amehudhuria mara tatu, namba zinashuka vizuri, 150, 144. Halafu kimya mwaka mzima. Kisha mara moja kwenye upimaji wa bure: 182. Kimya. 190 kwa 114, na mwandiko wa mtu umeandika pembeni "ameacha dawa, anasema amepona." Kimya tena. Binti alikuwa darasa la tano wakati ile namba ya kwanza inaandikwa.

Nilimpigia simu badala ya kuandika. Tulisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa, nikamweleza kila namba. Nikamwambia mishipa ya mama yako ilikuwa imebeba nguvu hii muda wote uliokuwa sekondari, ukifaulu, ukimletea zawadi. Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Sasa mbona hakutuambia?" Nikamwambia labda alikuambia. Labda alisema ana presha, na nyie mkasikia kwamba ana mawazo.

Aliichukua kadi akampelekea mjomba. Sikumtuma, aliamua mwenyewe. Anasema mjomba aliisoma nje kwenye mwanga, akaikunja, akamrudishia, hakuomba radhi. Suala la shamba bado lina kikao mwezi ujao na sijui litaishaje.

Lakini Jumanne iliyopita mzee mmoja alikuja kupima. Alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu, akaitikia. Kumbe ndiye. Alitaja jina la binti, akasema, "Huyu mwanangu amenisumbua nije. Mimi sina presha, sista. Mimi sina mawazo kabisa."

Nikamwambia tukae dakika tano kwanza, miguu chini, tusiongee.

176 kwa 104. Nilirudia mkono mwingine, 174. Nikamsomea namba ya kwanza na namba ya pili, nikamwomba anirudie kwa maneno yake atakachokwenda kuwaambia nyumbani. Akafikiri. Akasema, "Nitawaambia maji yangu yanatoka mbali sana juu."

Anarudi Jumanne hii kupimwa tena.